Kwa Njia ya Farasi hadi Boat Inn

Hapa Blisworth, kijiji cha kaunti ya Northamptonshire katikati ya Uingereza, ndipo farasi aliyevuta mashua alipofunguliwa kamba. Mbele yake mfereji uliingia chini ya kilima, ndani ya handaki lisilokuwa na ukingo wa kukanyaga, kwa hiyo mnyama hakuwa na pa kupita. Mashua ilibaki na wanaume. Farasi alikabidhiwa mtoto, mara nyingi mtoto wa nahodha mwenyewe, amwongoze kwa barabara ya udongo kuvuka kilima hadi kijiji cha Stoke Bruerne, wakaisubiri mashua itokeze upande wa pili. Barabara ile ipo mpaka leo, na bado inaitwa Boat Horse Road. Kutoka kijiji hadi kijiji ni mwendo wa kilomita tano hivi, na mwisho wake kuna baa ya mawe iliyoezekwa kwa nyasi, hatua chache kutoka majini. Mgeni akiniuliza aanzie wapi kuijua Uingereza ya mashambani, nitamwambia aanzie hapa.

Kufika si kazi. Treni kutoka stesheni ya Euston jijini London hadi Northampton huchukua kama saa moja, na kutoka hapo Blisworth ni kilomita chache kwa teksi. Vaa viatu vinavyostahimili matope, hata kama ni Julai. Usiharakishe kuondoka kijijini. Nyumba za zamani za Blisworth zimejengwa kwa mawe ya aina mbili, ya chokaa yenye weupe wa kijivu na yenye chuma ndani yake, rangi ya kutu, safu juu ya safu, hata kuta zikawa na milia. Mawe yote hayo yalichimbwa maeneo hayahaya. Karibu na daraja la mfereji kuna jengo refu la matofali lililokuwa la kusagia na kuhifadhi nafaka. Siku hizi watu wanaishi humo.

Ukiteremka hadi kando ya maji unajikuta kwenye njia nyembamba iliyotandazwa sambamba na mfereji. Hii ndiyo njia ya farasi. Hakuna geti, hakuna tiketi, hakuna mlinzi wa kukuuliza unakwenda wapi. Upande mmoja una maji ya rangi ya chai ya maziwa, upande mwingine ua wa miti ya miiba na majani yanayowasha ukiyagusa, na mwishoni mwa Agosti matunda pori meusi ambayo kila mpita njia ana ruhusa ya kuchuma. Kukuziwa huogelea kati ya matete. Koikoi husimama kimya ukingoni, akiruka mbele yako kila unapomkaribia na kutua tena mita hamsini mbele.

Mashua za hapa zina umbo lisilopatikana kwingine: upana wa mita mbili na kidogo, urefu unaoweza kufika mita 21. Zilichongwa hivyo ili zipite kwenye malango membamba ya mifereji ya katikati ya nchi. Leo nyingi ni makazi au za likizo, zimepakwa rangi nyekundu na kijani, zina vyungu vya maua juu ya paa na bomba la moshi la jiko la kuni. Mwendo wake hauruhusiwi kuzidi kilomita sita na nusu kwa saa. Mtembeaji mwenye afya anaweza kwenda bega kwa bega na mashua akizungumza na aliyeshika usukani, na watu huzungumza kweli. Katika nchi ambayo abiria wa treni huweza kukaa saa nzima bila kutazamana, kando ya mfereji kila mtu husalimia kila mtu. Nami huitikia kwa furaha, maana ni hali niliyoizoea tangu utotoni.

Farasi ndiye aliyeupa mfereji faida yake. Kwenye barabara za karne ya 18, zenye mashimo na tope, farasi mmoja alivuta tani moja au mbili kwa taabu. Mfunge mnyama yuleyule kwenye mashua iliyotulia majini, atavuta tani 25 na zaidi, polepole lakini bila kusimama. Makaa ya mawe yakashuka bei mijini, na viwanda vikakua pale maji yalipofika. Ukipita chini ya madaraja ya zamani, pitisha mkono kwenye kona zake: kamba za farasi, zikiwa zimeloa na kushika mchanga, zimechimba mifereji midogo kwenye mawe na kwenye vyuma vya kinga, nyingine zenye kina cha kidole kizima. Sijui kumbukumbu ya wafanyakazi iliyo ya kweli kuliko hiyo. Hakuna aliyeikusudia.

Mwaka 1793 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuruhusu kampuni ya Grand Junction kuchimba mfereji kutoka Braunston, huku Northamptonshire, hadi Brentford kwenye Mto Thames, umbali wa kilomita 150 hivi. Mhandisi mkuu alikuwa William Jessop, na aliyesimamia kazi kila siku ni James Barnes. Kufikia 1800 mashua zilikuwa zinapita karibu kote, isipokuwa hapa. Kilima cha Blisworth kiliwashinda. Jaribio la kwanza la kutoboa handaki lilikutana na maji na mchanga laini uliotiririka badala ya kusimama, na simulizi za huku zinasema wanaume 14 walifukiwa. Kazi ile ikatelekezwa, handaki likaanzwa upya kwenye mstari mwingine.

Wakati wakichimba, biashara haikusubiri. Mhandisi Benjamin Outram alijenga njia ya reli za chuma juu ya kilima, ya magari yaliyokokotwa na farasi. Kwa muda wa miaka mitano, kila shehena iliyofika Blisworth ilipakuliwa kutoka kwenye mashua, ikapakiwa garini, ikavushwa kilima, ikapakuliwa tena Stoke Bruerne na kupakiwa kwenye mashua nyingine. Ukitembea leo na begi lenye maji na mkate tu, mpando unaonekana mdogo. Fikiria makaa ya mawe, magunia ya ngano na mbao, mchana kutwa, mvua ikinyesha.

Handaki lilifunguliwa mwaka 1805, likiwa na urefu wa mita 2,813. Lilichimbwa kwa sululu, beleshi na baruti, kwa mwanga wa mishumaa. Wachimbaji walizamisha mashimo kutoka juu ya kilima hadi kina kinachotakiwa, kisha wakachimba kwenda pande zote mbili, udongo ukipandishwa juu kwa ndoo na kamba. Matuta ya udongo ule yangali mashambani, yameota nyasi, na ukiyafuata kwa macho unajua handaki linapita wapi chini ya miguu yako. Hawa wachimbaji hawana makaburi yenye majina hapa. Wahandisi wao wamo katika kila kitabu.

Nimesema mashua ilibaki na wanaume. Handaki lilikuwa halina njia ya farasi, na injini zilikuwa bado. Basi watu wawili walilala chali juu ya ubao uliotandikwa kukingama pua ya mashua, kichwa kwa kichwa, kila mmoja miguu yake ikifika ukuta wa upande wake, wakaanza kutembea ukutani. Hatua kwa hatua, gizani, maji yakiwadondokea usoni, walisukuma mzigo wa tani 25 kwa karibu kilomita tatu. Aliyeteleza alianguka kati ya mashua na ukuta. Kazi hiyo ilikuwa na watu wake maalumu, waliosajiliwa na kampuni na kuvaa bamba la shaba mkononi, wakingojea mashua kwenye midomo ya handaki. Kwa walio hai leo, kazi hiyo ni vigumu hata kuiwazia. Watu walizeekea humo.

Mvuke ulipokuja haukuleta nafuu mara moja. Septemba 1861 mashua ya mvuke iitwayo Bee iliingia handakini wakati mojawapo ya mashimo ya hewa limezibwa na jukwaa la mafundi waliokuwa wakikarabati. Moshi haukuwa na pa kutokea. Wafanyakazi wawili walikufa kwa kukosa hewa. Baada ya hapo mashimo ya hewa yaliongezwa, na mwaka 1871 kampuni ikaleta mashua maalumu za mvuke za kuvuta nyingine, kazi ya miguu ikaisha. Ndiyo maana, unapopanda kilima kwa Boat Horse Road, utaona minara mifupi minene ya matofali imesimama peke yake katikati ya mashamba, bila nyumba wala bomba la kiwanda karibu. Hizo ni pua za handaki. Zipite kwa heshima. Watu walikufa ndipo zikajengwa.

Juu ya kilima upepo ni mwingi na anga ni pana. Ngano upande huu, malisho upande ule, kunguru kwenye miti iliyopandwa kugawanya mashamba. Hapa ndipo ninapomfikiria yule mtoto na farasi wake. Aliijua njia kwa nyayo, maana kusoma kibao hakuweza. Familia za mashuani ziliishi katika chumba cha nyuma chenye urefu wa mita tatu hivi na upana wa mashua yenyewe, baba, mama na watoto wote, kwa sababu mshahara haukutosha kulipa nyumba nchi kavu. Hawakukaa mahali pamoja muda wa kutosha mtoto kusoma. Mtu aliyepiga kelele kwa ajili yao alikuwa George Smith wa Coalville, mwanaharakati aliyewahi kupigania pia watoto wa viwanda vya matofali. Kwa juhudi zake Bunge lilipitisha sheria ya mashua za mifereji mwaka 1877, ikataka kila mashua inayokaliwa na watu isajiliwe na idadi ya wakazi iwekewe kikomo, kisha mwaka 1884 ikaongezewa nguvu ya ukaguzi. Utekelezaji ulisuasua. Hata katikati ya karne ya 20 kulikuwa na manahodha hodari waliotia sahihi kwa alama ya msalaba.

Mteremko wa kusini unapita msituni, na chini yake mfereji unatokea tena kutoka mdomo wa handaki, maji yakiwa meusi kwa kivuli. Nje kuna pete kubwa ya zege imewekwa wazi kwa maonyesho. Handaki la 1805 lilichoka: kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 kuta zake zilikuwa zinasukumwa na udongo, likafungwa, na sehemu ya katikati ikajengwa upya kwa pete kama hiyo. Lilifunguliwa tena 1984. Simama ndani ya pete, nyoosha mikono, utajua ukubwa wa kazi ile kuliko maelezo yoyote.

Kutoka hapo hadi Stoke Bruerne ni njia tambarare, dakika kumi na tano kwa mwendo wa kawaida. Mashua zilizofungwa huongezeka, kisha miti inafunguka na kijiji chote kipo mbele yako pande mbili za maji: nyumba za mawe, kinu cha zamani, daraja la matao mawili, na loki ya kwanza kati ya saba zinazoteremsha mfereji kiasi cha mita 17 hadi bondeni.

Kwa asiyewahi kuona loki, kaa kwenye benchi utazame moja ikifanya kazi. Ni chumba cha matofali chenye malango ya mbao kila upande. Mashua inaingia, malango yanafungwa nyuma yake, mtu anazungusha mkono wa chuma kufungua vizibo, na maji yanatoka mpaka chumba kiwe sawa na mfereji wa chini. Hapo malango ya mbele, yaliyokuwa hayasogezwi hata na wanaume kumi, yanafunguka kwa mgongo wa mtu mmoja anayesukuma boriti. Hakuna umeme wala injini. Kila mashua inayopita hutumia takriban lita 250,000 za maji kutoka juu kwenda chini, ndiyo maana watu wa mfereji huutazama ukame kwa hofu ambayo wapita njia hawaifahamu. Shuka hadi loki ya tatu au ya nne kama miguu ingali na nguvu, kisha rudi juu. Watakaokuomba msaada wa kusukuma boriti hawakutanii, na ni heshima kusaidia.

Katika kijiji hiki aliishi muuguzi ambaye ningependa ajulikane zaidi, Sista Mary Ward. Kuanzia miaka ya 1930 alihudumia watu wa mashua katika nyumba yake ya kando ya maji, saa yoyote waliyofika, kwa vidonda, homa, mimba na vifo. Watu hawa hawakuwa na daktari wa kwao, kwa kuwa hawakuwa na kwao, na vijiji vingi viliwatazama kwa jicho la pembeni. Mashua zilisimama Stoke Bruerne kwa sababu yake. Aliendelea hadi kustaafu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakati wa Vita Kuu ya Pili walipita hapa pia wasichana na wanawake wa kujitolea, wengi wao kutoka familia zisizowahi kushika beleshi, wakiendesha mashua mbilimbili zenye tani 50 za chuma kutoka London kwenda Birmingham na kurudi na makaa ya mawe kutoka Coventry. Emma Smith alikuwa mmoja wao, na mwaka 1948 akachapisha kitabu kuhusu maisha hayo, Maidens' Trip.

Kufikia hapo adui wa mfereji alikuwa ameshashinda kitambo. Reli ya London hadi Birmingham ilifunguliwa 1838, na ilipita Blisworth hiihii. Malori yakafuata. Mifereji ilitaifishwa 1948, na majira ya baridi kali ya 1962 hadi 1963, maji yalipoganda kwa wiki nyingi, yalimaliza sehemu kubwa ya usafirishaji uliobaki. Safari za mwisho za kawaida kwenye mstari huu, za makaa ya mawe kwenda kiwanda cha jamu Southall, zilikoma mwaka 1970.

Mfereji usio na kazi hujaa tope na takataka, kisha hufukiwa. Mingi ilifukiwa. Huu ulinusurika kwa sababu watu walikataa. L. T. C. Rolt, mhandisi aliyeishi kwenye mashua yake Cressy, alitoa kitabu Narrow Boat mwaka 1944, na miaka miwili baadaye yeye na Robert Aickman wakaanzisha chama cha kutetea mifereji. Waliandika barua, wakapeleka mashua kwenye njia zilizotangazwa kuwa zimekufa, wakasumbua wabunge. Hapa Stoke Bruerne mlinda loki Jack James, aliyezaliwa katika maisha ya mashua, alikuwa anakusanya taa, ndoo zilizochorwa waridi na makasri, hatamu za farasi. Pamoja na mhandisi Charles Hadlow, mkusanyiko huo ukawa makumbusho ya mfereji, yaliyofunguliwa 1963 ndani ya kinu cha zamani. Mwaka 1968 sheria ikatambua kwamba mifereji mikuu itunzwe kwa ajili ya mapumziko ya watu. Kwa hiyo njia niliyoisifu kwamba haina geti wala tiketi haikupatikana bure. Ilidaiwa.

Na bado inadaiwa. Tangu 2012 mifereji ya Uingereza na Wales, kama kilomita 3,200, iko mikononi mwa shirika la hisani, Canal & River Trust. Mwaka 2023 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 2027 ruzuku yake kwa shirika hilo itapungua mwaka hadi mwaka. Malango ya mbao huoza kwa ratiba yake, bila kujali bajeti. Naamini huo ni uamuzi mbaya. Nchi iliyorithi kazi ya mikono mingi hivi ilitakiwa kuona aibu kuiacha ivuje.

Ng'ambo ya makumbusho ipo Boat Inn, ile baa niliyoitaja mwanzoni. Familia ya Woodward iliichukua mwaka 1877, mwaka uleule wa sheria ya mashua, na baa ikarithishwa kizazi kwa kizazi. Ingia kwa mlango wa upande wa zamani: sakafu ya mawe, mabenchi magumu, dari ya chini, kuta zenye picha za mfereji, dirisha dogo linalotazama loki. Hapa hakuna mhudumu atakayekufuata. Nenda mwenyewe kaunta, agiza, lipa papo hapo, beba kinywaji chako. Bia ya asili ya Kiingereza huvutwa kwa pampu ya mkono kutoka kwenye pipa lililo chini ya sakafu. Hainywewi ya barafu, na haina povu la kujionyesha. Kama mko wengi, mmoja hununulia wote, kisha zamu huzunguka, na anayeikwepa zamu yake hukumbukwa. Asiyekunywa pombe asisite mlangoni. Chai inapatikana, chakula kinapatikana, watoto wapo, mbwa aliyelowa amelala chini ya meza, na hakuna anayechungulia glasi ya mwenziwe.

Kwenye kona kuna mchezo unaopendwa sana Northamptonshire: meza yenye mito ya ngozi na kizuizi nyuma yake, juu yake vigingi tisa, na mchezaji hurusha vipande vitatu vya mbao vyenye umbo la andazi bapa kuviangusha. Sauti yake husikika hadi nje. Wachezaji wa siku hizi ni mafundi, walimu, wastaafu wa mashuani, na mtu yeyote aliyevuka kilima akafika na kiu. Watakuuliza umetoka wapi. Ukisema Blisworth, kwa miguu, watakusogezea kiti na kuanza kubishana kuhusu handaki.